UZI: Kumpima mgonjwa mwenye shida ya kumeza, kwa matabibu wanaoanza kazi wodini

Tabibu wa Koo:

Hamjambo wanajukwaa. Kila kundi jipya la matabibu wa usemi likianza kazi wodini, huletewa swali lile lile: "Daktari ameandika kwenye faili nimpime mgonjwa kumeza. Nianzie wapi?" Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hapa Nairobi, na tulivyo wachache nchini, anayeanza mara nyingi hana wa kumwuliza pale kando ya kitanda. Acha niyaweke hapa. Uzi ni mrefu, usome kidogo kidogo, na mwenye swali aulize.

Sehemu kubwa ya jibu hupatikana kabla mgonjwa hajapewa hata kijiko kimoja. Maji na uji huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha kile ambacho tayari umeanza kukishuku. Ukiingia wodini na kikombe mkononi, ukamnywesha mgonjwa na kusimama ukisubiri kama atakohoa, umepima kikohozi. Kumeza hujakupima.

Mkumbuke kwanza kinachotokea. Tonge hutafunwa, huchanganyika na mate, ulimi hulikusanya na kulisukuma nyuma. Mpaka hapo mtu ana hiari, anaweza hata kulitema. Likishavuka shina la ulimi, mambo hujiendesha yenyewe, na kwa kasi ya ajabu: takriban sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo kaakaa laini hupanda kuziba njia ya pua, pumzi husimama, zoloto (kisanduku cha sauti) huvutwa juu na mbele, kifuniko chake huinama, nyuzi za sauti hubana, na mlango wa juu wa umio (njia ya chakula kwenda tumboni), ambao wakati mwingine wote huwa umefungwa, hufunguka. Chakula kinapita njia panda ambayo hewa nayo huipita. Neva za fuvu zinazobeba kazi hii ni ya 5, 7, 9, 10 na 12. Zishikeni kichwani, kwa sababu kila mnachokiona usoni na mdomoni mwa mgonjwa kinawapeleka kwenye mojawapo.

Mkilijua hilo, hamtasema tena "ana shida ya kumeza" kisha mkaishia hapo. Mtauliza: ni ulimi hausukumi? Zoloto linachelewa kupanda? Mlango wa umio haufunguki? Au kila kitu kiko sawa hadi kifuani, na huko ndiko kumeziba? Matibabu ya hawa wanne hayafanani hata kidogo.

Tabibu wa Koo:

Sasa faili. Kiharusi ni cha lini na kimepiga wapi? Aliwahi kuwekewa mpira wa kupumulia? Aliyekaa nao zaidi ya saa 48 nampima nikiwa na shaka tangu mwanzo, kwa sababu koo lake limesuguliwa na hisia zake zinaweza kuwa zimefifia. Angalieni dawa: zinazoleta usingizi, zinazokausha kinywa, zinazolegeza misuli. Angalieni chati ya joto ya siku za karibuni. Homa inayopanda na kushuka bila sababu kwa mgonjwa anayelishwa kwa mdomo si jambo la kupita nalo.

Halafu zungumzeni na anayemlisha. Katika wodi zetu anayejua mgonjwa anakulaje ni yule binti au mke anayekuja saa ya kuona wagonjwa akiwa na hotipoti mkononi. Mwulize kwa heshima, na mwache amalize. "Mama, chakula anakimaliza kwa muda gani siku hizi? Kinabaki shavuni? Kimewahi kumtokea puani? Nguo zake zimeanza kumpwaya? Usiku akilala hukohoa?" Nyumba nyingi zimeshabadilisha chakula kimyakimya bila mtu kuwaambia: chapati iliachwa, nyama ikaachwa, sasa ni mchuzi na viazi vilivyopondwa. Mabadiliko hayo ni kipimo tayari, na yamefanywa na mtu aliyekaa naye mezani miezi mingi.

Na swali moja msilisahau kamwe: kilianza kukwama nini? Ikiwa ugali ulianza, ukafuata mkate, sasa hata uji hauteremki vizuri, na uzito unashuka, hilo linaashiria njia inayozidi kuziba. Kenya iko kwenye ukanda wa Afrika Mashariki ambao saratani ya umio imeenea. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa hawa, ikiwemo kuwawekea mirija ya kupanua umio, na imeripoti hata wagonjwa walio chini ya miaka 30. Kwa hiyo usiseme "huyu bado kijana". Mgonjwa anaweza kukuonyesha shingoni kwa kidole huku palipoziba ni chini kabisa kifuani. Huyo si wa mazoezi ya ulimi. Mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo na uandike wazi kwamba anahitaji endoskopi, yaani kutazamwa ndani ya umio kwa kamera. Ukimweka kwenye ratiba ya mazoezi ya wiki kadhaa, umemnyima muda ambao hana.

Anayelia kwa maumivu akimeza, mwangalieni kinywani kama kuna utando mweupe wa fangasi. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, fangasi huweza kushuka hadi kwenye umio, na inatibika.

Tabibu wa Koo:

Tuko kando ya kitanda. Bado hakuna maji.

Je, yuko macho? Anaweza kukaa wima na kubaki macho kwa dakika kumi au kumi na tano? Kama anasinzia ukimwita, kipimo kimeishia hapo kwa leo. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kumeza kunadai pumzi isimame kidogo, na mtu anayepumua mara 30 kwa dakika hana nafasi ya kuisimamisha.

Chukua tochi uangalie kinywa. Meno, ufizi, ulimi, mate yaliyokauka kwenye kaakaa, mabaki ya chakula cha jana. Hapa nitasimama kidogo, maana ndipo wengi hupita mbio. Utafiti wa Langmore na wenzake wa mwaka 1998, uliofuatilia wazee, ulitafuta ni nani hasa hupata nimonia. Waliojitokeza ni wasioweza kujilisha wenyewe, wasioweza kujisafisha kinywa, na wenye meno yaliyooza. Shida ya kumeza ilikuwa hatari, lakini peke yake kwa kawaida haikutosha kuleta nimonia. Kinachodhuru mapafu zaidi ni bakteria wanaosafiri na mate na chakula. Kwa hiyo mswaki wa mgonjwa wako ni sehemu ya matibabu yako, usiuachie mtu mwingine ukidhani ni kazi ndogo. Kinywa kikiwa kichafu, kisafishe kwanza ndipo uendelee.

Mwambie atoe ulimi, auzungushe, avute midomo, aseme "aaa". Sauti ikitoka ya majimaji, kama inayochemka kooni, mate yamekaa juu ya nyuzi za sauti na yeye hayahisi. Mwambie akohoe kwa nguvu. Kikohozi dhaifu kinakuambia kwamba kitu kikiingia njia ya hewa, hatakitoa.

Ile desturi ya kuchokoa nyuma ya koo kwa kijiti ili kuona kama atatapika, iacheni. Kuna watu wazima kabisa ambao hawana mwitikio huo na wanakula nyama choma bila tatizo, na kuna wagonjwa walio nao ambao chakula kinaingia mapafuni kila mlo.

Sasa vidole vyako. Cha shahada weka chini ya kidevu, cha kati kwenye mfupa ulio juu ya zoloto, cha pete juu ya zoloto lenyewe, na kidole cha mwisho chini yake. Mguso uwe mwepesi mno. Mwambie ameze mate. Utauhisi ulimi ukianza kusukuma chini ya kidole cha kwanza, kisha zoloto likipanda, likipita chini ya kidole cha pete na kurudi. Hesabu kimoyomoyo muda kati ya ulimi kusogea na zoloto kupanda. Hesabu pia anameza mara ngapi kumaliza mate kidogo tu. Jifunzeni kwa wenzenu wazima kwanza, shingo nyingi, za wanaume na wanawake, vijana na wazee, ili mkono ujue kilicho cha kawaida. Vidole havitakuambia kama kitu kimeingia kwenye njia ya hewa. Msiandike kwenye faili kwamba vimekuambia.

Baada ya yote haya ndipo kijiko cha chai cha maji. Maji kwanza kwa sababu kinywa kikiwa safi, maji machache yakipotea njia hudhuru mapafu kidogo kuliko uji au maziwa. Kijiko kimoja, msikilize sauti, angalia pumzi, fungua mdomo utazame kilichobaki. Kijiko kingine. Akienda vizuri, kikombe, anywe mwenyewe akiweza, kwa sababu mkono wake ukipeleka kikombe mdomoni ubongo hupata taarifa mapema. Kisha kitu laini, kisha cha kutafuna. Usiharakishe: kikohozi kingine huja baada ya dakika nzima, wakati wewe umeshageuka kuandika.

Kuna kile kipimo cha kunywa mililita 90 za maji mfululizo bila kusimama, kilichochapishwa mwaka 1992. Akisimama katikati, akikohoa au sauti ikibadilika, ameshindwa. Ni kizuri kwa kuchuja nani apimwe zaidi, lakini huwashika na wengi wasio na shida, kwa hiyo usimfungie mtu chakula kwa sababu ya hicho pekee. Kwa mgonjwa wa kliniki anayejieleza, kuna EAT-10 ya mwaka 2008: maswali 10, alama 0 hadi 4 kila moja, jumla ya 3 au zaidi inaonyesha kuna jambo.

Kijana wa Kayole:

Asante sana mwalimu. Niko mwezi wa kwanza kazini. Swali: mgonjwa wangu alikunywa vizuri kabisa, hakukohoa, sauti safi. Baada ya siku chache akapata nimonia. Sasa nitamjuaje anayepaliwa kimya?

Tabibu wa Koo:

Kando ya kitanda, kwa uhakika, huwezi. Hilo si udhaifu wako, ndio mpaka wa kipimo chenyewe. Baada ya kiharusi, koo linaweza kupoteza hisia, chakula kikapita chini ya nyuzi za sauti na mwili usistuke. Kipimo cha alama 8 kilichochapishwa na Rosenbek na wenzake mwaka 1996 kimeiweka hali hiyo kwenye alama ya 8, ya mwisho: kitu kimeingia chini ya nyuzi za sauti na mgonjwa hajafanya juhudi yoyote ya kukitoa. Alama hiyo huonekana kwa macho tu, ama kwa eksirei ya mwendo mgonjwa akimeza chakula chenye bariamu, dawa inayoonekana kwenye eksirei, ama kwa kamera nyembamba ipitayo puani, njia iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1988.

Vifaa hivyo viko sehemu chache hapa Nairobi, na gharama familia nyingi haziimudu. Ninachofanya ni kujiuliza: picha hii itabadilisha nini? Kama nitamlisha vilevile picha iwepo isiwepo, siiombi. Kama sauti ni ya majimaji, kikohozi ni dhaifu, nimonia imerudi mara ya pili na sijui kisa, basi naipigania, nazungumza na daktari na familia mpaka ipatikane.

Na huyo wako, kabla hujalaumu kumeza, uliza kuhusu kinywa chake, na kama alilazwa chali mara tu baada ya kula. Kinachorudi kutoka tumboni nacho huingia mapafuni.

Sista wa Zamu:

Mimi ni muuguzi. Usiku hatuna tabibu wa kumeza, na mgonjwa wa kiharusi akiletwa saa nane familia inataka anywe chai. Tufanyeje? Pia wengine hututaka tumvalishe kile kifaa cha kidole, eti oksijeni ikishuka amepaliwa.

Tabibu wa Koo:

Sista, swali lako ni la maana kuliko uzi wangu wote, maana ninyi ndio mko pale. Mgonjwa mpya wa kiharusi asipewe chochote kwa mdomo, hata vidonge, mpaka achujwe. Uchujaji huo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuufanya usiku huo huo, haumngojei tabibu. Elezeni familia sababu kwa maneno mepesi, kwa sababu nyumbani kwetu kumnyima mgonjwa chai huonekana ukatili, na wasipoeleweshwa watampa mkigeuka. Wapeni kazi nyingine: kulowesha midomo, kusafisha kinywa, kumsaidia kukaa wima.

Kifaa cha kidole ni kizuri kwa kujua hali ya jumla. Kwa kujua kama amepaliwa, hapana. Oksijeni huweza kushuka bila kupaliwa, na mtu akapaliwa bila kushuka.

Vidonge: msisage tu kila kitu. Vile vinavyotoa dawa polepole vikisagwa hutoa dozi nzima kwa mkupuo. Mwulizeni mfamasia.

Kijana wa Kayole:

Na unga wa kukoleza vinywaji? Bei yake ni juu. Nilikuwa nashauri watumie uji wa wimbi badala yake.

Tabibu wa Koo:

Uji unaweza kutumika, ila upimwe, na upimwe ukiwa kwenye joto atakalounywea. Uji uliokuwa mwepesi jikoni huwa mzito ukipoa. Na wanga huvunjwavunjwa na mate: mlezi akirudisha kijiko kile kile kikombeni, baada ya muda uji unakuwa maji bila mtu kugundua. Mwambie amimine kidogo kidogo kwenye kibakuli kingine.

Kupima: mfumo wa IDDSI, ule wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula, una ngazi 0 hadi 7, vinywaji ni 0 hadi 4. Chukua sirinji ya mililita 10 ambayo kutoka alama ya sifuri hadi ya kumi ni milimita 61.5, kwa sababu sirinji hazifanani. Ziba mdomo wake kwa kidole, jaza hadi kumi, achia kwa sekunde kumi, ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1 ni ngazi 0, kati ya 1 na 4 ni ngazi 1, kati ya 4 na 8 ni ngazi 2, zaidi ya 8 lakini kimetiririka kidogo ni ngazi 3. Kisipotoka kabisa, ni ngazi 4, na hicho kipime kwa uma na kijiko. Fanya mbele ya mlezi, kisha mwache afanye mwenyewe.

Vyakula vyetu navyo vinahitaji macho. Githeri ni mgumu kwa mgonjwa: punje zina ganda, na mchuzi unatangulia kooni kabla punje hazijatafunwa. Ugali wengi hudhani ni laini kwa kuwa unabonyea, lakini ni mkavu, na hugandamana mdomoni. Sukuma wiki ina nyuzi, hata ikikatwa vipi. Mukimo bila mahindi, uliolainishwa kwa mchuzi, parachichi lililopondwa, ndengu zilizochujwa, maziwa lala, hivi hunisaidia sana. Mpikie mgonjwa kile nyumba yake inapika. Ushauri wa chakula cha dukani cha bei ghali hauishi wiki.

Jambo jingine, na hapa naomba mnisikilize wote mnaoandika "vinywaji vizito" kwa kila mgonjwa. Kukoleza hupunguza kupaliwa pale pale, ndiyo. Lakini watu hawapendi, hunywa kidogo, hukaukiwa maji. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wa wagonjwa wa Parkinson na wa ugonjwa wa kusahau (dementia), haukukuta tofauti ya wazi ya nimonia kati ya waliokolezewa na walioinamisha kidevu wakinywa maji ya kawaida, na waliokolezewa walipata zaidi upungufu wa maji mwilini, homa na maambukizi ya mkojo. Ni dawa yenye madhara. Iandikeni kwa sababu, na muiangalie tena baada ya siku chache.

Mlezi wa Shosho:

Samahani, mimi si daktari. Shosho yangu ana miaka mingi, amepungua sana, anakataa mpira wa puani, anaung'oa. Anataka chai yake tu. Nimeambiwa nikimpa nitamuua. Sijalala.

Tabibu wa Koo:

Pole sana, dada au kaka. Sijamwona shosho kwa hiyo sitakuambia apewe nini, lakini mwombe daktari wake na tabibu wa kumeza mkae pamoja, na shosho mwenyewe awepo kama anaweza kujieleza. Kuna wagonjwa ambao uamuzi wa heshima ni kula kwa mdomo huku wote wakijua hatari, kwa kiasi kidogo, akiwa wima na macho, kinywa kikiwa kimesafishwa. Kwa mzee aliye mwishoni mwa ugonjwa wa kusahau, mpira wa kulishia haujaonyeshwa kurefusha maisha wala kuzuia nimonia. Uamuzi huo haupaswi kubebwa na wewe peke yako jikoni usiku. Wakiwa na timu ya huduma tulivu, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hapo hospitalini, waulizie. Na huo wasiwasi wako, waambie nao.

Fundi wa Mkao:

Mimi ni wa tiba ya viungo, nawaona watoto wenye mtindio wa ubongo. Wengi wanaletwa wamelishwa wakiwa wamelala, kichwa nyuma.

Tabibu wa Koo:

Kwa watoto anza na mkao hata kabla ya chakula: nyonga zimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Kichwa kikiegemea nyuma njia ya hewa inabaki wazi na uji unateremka wenyewe mtoto akiwa hajawa tayari. Kumlazimisha kwa kumbana pua, ambako bado kupo, mwambie mama aache leo, umwambie bila kumkemea, maana anaogopa mtoto kukonda. Watoto wanastahili uzi wao, tuuanzishe pamoja.

Kijana wa Kayole:

La mwisho mwalimu. Nikimaliza, naandika nini kwenye faili? Yangu huwa ni "kumeza si salama" tu.

Tabibu wa Koo:

Andika kitu ambacho muuguzi wa usiku anaweza kukifuata bila kukupigia simu. Kwa mfano: "Yuko macho, anakaa wima dakika 20. Pumzi 18. Mdomo unalegea kulia, chakula kinabaki shavu la kulia. Kikohozi cha hiari kina nguvu. Maji kwa kijiko: sauti safi mara zote. Maji kwa kikombe: alikohoa mara mbili, sauti ikawa ya majimaji. Viazi vilivyopondwa: vilibaki kulia, vikatoka alipomeza tena. Nashuku udhaifu wa ulimi na kuchelewa kwa zoloto. Kupaliwa kimya sijakuondoa. Kwa sasa: chakula kilichopondwa laini, IDDSI ngazi 4, maji kwa kijiko tu, awe wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, shavu la kulia likaguliwe, kwa ulimi wake au kwa kidole cha mlezi, mswaki asubuhi na kila baada ya mlo. Asimamishwe kula na niitwe akipata homa, pumzi zikizidi 25, au sauti ikibadilika. Nitampima tena kesho kutwa."

Na ukurasa mmoja wa hayo hayo, kwa lugha ya nyumbani, ubandike juu ya kitanda ambapo anayekuja na hotipoti atauona.